Mezani na Wasomaji: Mtori wa Krismasi, Boko Boko la Idi na Chajio cha Siku za Kazi

Barua mlizotuandikia tangu toleo lililopita zimejaa harufu ya vyungu. Wengi mnauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: nyumba ikiwa na watu waliolelewa kwenye meko tofauti, siku ya sikukuu kipikwe chakula cha nani? Wengine mnauliza kuhusu chajio cha siku za kazi, ambacho hakina wageni wala nguo mpya, lakini ndicho tunachokula siku nyingi zaidi za mwaka. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa kuwa nimeona jambo hilohilo likitoa machozi katika nyumba zaidi ya moja.

Mtori wangu uliitwa chakula cha mzazi

*Shikamoo Shangazi. Nilizaliwa Marangu, nimeolewa Tanga, na tunaishi na mama mkwe wangu. Kwetu Krismasi huanza kwa mtori wa ndizi asubuhi, na mchana hufuata machalari ya ndizi kwa nyama ya mbuzi aliyechinjwa nyumbani. Mwaka jana nilipika mtori nikamwekea mama bakuli la kwanza. Aliliangalia, akasema, "Chakula hiki hupewa mzazi aliyejifungua. Sikukuu watu hula pilau." Hakusema kwa ubaya, lakini mimi nilishindwa kula. Watoto nao walikuwa upande wa bibi yao. Mwaka huu nipike nini?*
Mama wa watoto watatu, Tanga

Marahaba mwanangu. Nianze kwa kukwambia kwamba mama mkwe wako hakutunga neno. Mtori kweli hupewa mzazi, tena hata huko Kilimanjaro kwenyewe: ni laini, umebeba mchuzi wa mifupa, haumchoshi mtu kutafuna, na wanawake wengi wanauamini kwa kurudisha nguvu na kuleta maziwa. Ambalo mama hakulijua ni kwamba kwenu bakuli hilohilo huwekwa pia mbele ya watu wazima wenye afya zao, asubuhi ya ubaridi wa mlimani, wakati ndugu waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wamerudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi na nyumba imejaa sauti. Wewe ulimletea sikukuu, yeye akaona uzazi.

Jambo kama hili halielezeki siku yenyewe, mbele ya wageni, huku bakuli linapoa. Lieleze mapema, wiki mbili kabla, mkiwa mmekaa mnachambua mchele au mnamenya vitunguu saumu. Mweleze mama ni nani kwenu alikuwa akiponda ndizi, mlikaa wapi kula, na baba yako alisema nini alipolamba mwiko. Watu wazima hukipokea chakula kigeni kwa urahisi zaidi wakishapewa habari zake. Halafu na wewe umsikilize yeye, kwa maana pilau nayo ina habari zake. Kwa mtu aliyekulia pwani, nyumba ambayo saa tano za asubuhi ya sikukuu haijanukia bizari nyembamba na iliki ni nyumba ambayo sikukuu haijaingia. Aliposema watu hula pilau hakuwa akikudharau. Alikuwa akitafuta ile harufu.

Sasa tuje kwenye sufuria zenyewe. Kosa ninaloliona katika nyumba nyingi zenye asili mbili ni kuviweka vyakula vyote viwili mezani saa moja, ati kila mtu achague. Hapo unakuwa umeanzisha mashindano, na chakula kitakachoshindwa kitarudi jikoni kikiwa kimejaa hadi ukingoni mbele ya macho ya aliyekipika. Mtori na pilau havina sababu ya kukutana. Mtori ni wa asubuhi, mkitoka kanisani, wakati tumbo bado tupu na hakuna anayetaka kitu kizito. Pilau ni ya mchana. Machalari yahamishie tarehe 26, siku ambayo watu wamechoshwa na wali na viungo, na utashangaa jinsi sufuria ya ndizi itakavyopokelewa siku hiyo.

Mtori wenyewe upike kidogo. Ndizi mshare kumi pamoja na nyama ya mbavu yenye mifupa, nusu kilo, vinatosha bakuli dogo dogo kwa watu saba. Ukizikosa mshare sokoni, ndizi nyingine mbichi za kupika zitafaa, ila chagua zilizokomaa vizuri, kwa maana changa huacha ukakasi mdomoni. Chemsha nyama na mifupa kwa chumvi na kitunguu mpaka nyama iachie mfupa. Pakeni mafuta mikononi kabla ya kumenya ndizi, maana utomvu wake hauondoki kwenye vidole vya watoto hata kwa sabuni, na mara tu ndizi inapomenywa itumbukizwe kwenye maji isije ikageuka nyeusi. Zipike ndani ya ule mchuzi mpaka mwiko uzipasue bila nguvu, kisha toa nyama na mifupa pembeni, uziponde ndizi humohumo ndani ya sufuria, ukiongeza mchuzi kidogo kidogo. Unataka uzito wa uji unaodondoka polepole kutoka kwenye mwiko, si wa uji unaotiririka, wala si wa ugali. Nyama iliyochambuliwa irudi ndani, kipande cha siagi kifuate, na maziwa kidogo mwishoni kwa anayependa. Kazi ya kuponda mpe mtoto wako mkubwa. Mtoto aliyeponda mtori mpaka mkono ukachoka hawezi kukaa bila kuuonja.

Pilau mwachie mama, na umwombe akufundishe yake. Simaanishi umwachie kwa kununa: kaa naye jikoni, umenye viazi kama yeye ni wa kutia viazi, utwange viungo. Angalia anavyokaanga vitunguu, kwa maana rangi ya pilau ya pwani hutoka hapo, kwenye vitunguu vilivyovumiliwa mpaka vikawa vya kahawia iliyokolea bila kuungua. Wapo wanaotia nyanya ndani ya pilau. Mimi sitii, na nimeshabishana na wengi juu ya hilo. Naona nyanya inautia mchele uchachu na kuuficha mdalasini, na mahali pake ni kwenye kachumbari. Lakini jikoni kwa mama yako mkwe fuata mkono wake, hata akitia nyanya tatu.

Baba anatia sukari kwenye boko boko

*Assalaam aleikum. Sisi ni watu wa Zanzibar tunaoishi Muscat. Baba yangu, mtu wa miaka 81, asubuhi ya Idi hataki kitu ila boko boko, na hulila kwa samli na sukari. Mke wangu ni mzaliwa wa Nizwa, hapahapa Oman, naye husema hiyo ni harisi na kuitia sukari ni kuiharibu. Je, hivi ni vyakula viwili au kimoja? Na yupi yuko sahihi?*
Msomaji, Muscat

Waaleikum salaam. Ni chakula kimoja kilichosafiri. Harisi hupikwa Oman na katika nchi nyingine za Ghuba kwa ngano na nyama vilivyochemshwa kwa saa nyingi na kupondwa mpaka vikawa kitu kimoja, na hata jina lake la Kiarabu limetokana na kuponda. Katika karne ya 19, wakati masultani wa Oman walipoweka makao yao Unguja, familia zilivuka bahari kwa majahazi pamoja na mapishi yao, na Zanzibar chakula hicho kikaitwa boko boko. Baada ya mwaka 1964, na zaidi baada ya 1970, wengi walirudi Oman wakiwa na Kiswahili chao na ladha waliyoizoea kisiwani. Kwa hiyo, baba yako na mke wako wanakula kutoka chungu kimoja, isipokuwa kijiko cha baba kimepitia Zanzibar.

Juu ya sukari sitamhukumu mtu. Nimekula boko boko kwa vitunguu vya kukaanga na samli, na nimelila kwa sukari iliyonyunyizwa juu, na njia zote mbili zina wenyewe. Jambo la msingi ni kwamba sukari isiingie sufuriani. Chakula kipikwe kwa chumvi tu, kitandazwe kwenye sinia, katikati pafanywe shimo la samli iliyoyeyushwa, na bakuli la sukari liwekwe karibu na baba. Mke wako atakula upande wake bila kuguswa na sukari hata chembe.

Ambacho hakina mjadala ni kazi ya mkono. Ngano iroweke tangu jioni, ichemke na nyama au kuku kwa moto mdogo mpaka ipasuke, halafu isongwe kwa mwiko imara bila kusimama. Itakuwa tayari ukiinua mwiko na chakula kikavutika kama utomvu, nyuzi za nyama zikiwa zimepotea ndani ya ngano. Watu wengi siku hizi hutumia mashine ya kusagia, na mimi siwalaumu wenye mikono yenye maumivu, lakini mashine hukata nyuzi badala ya kuzichambua, na mtu wa miaka 81 atalitambua hilo kwa tonge la kwanza. Kwa kuwa huko Oman Idi ina siku zake, na shuwa, nyama ya viungo iliyofungwa kwa majani, hukaa chini ya ardhi ikiiva polepole siku nzima au mbili kabla ya kufukuliwa, mke wako naye ana chakula chake cha kumsubiri. Asubuhi ya kwanza mwachieni mzee.

Chapati za Krismasi zinakuwa ngumu

*Shangazi, kwetu Krismasi bila chapati si Krismasi. Tunatarajia wageni ishirini. Nikizipika usiku wa kuamkia sikukuu, asubuhi huwa ngumu kama kadibodi. Nifanye nini?*
Msomaji, Nakuru

Ugumu huingia mahali pawili: kwenye unga mkavu na kwenye kikaango kisicho na moto wa kutosha. Kwa kilo moja ya unga wa ngano tia maji ya uvuguvugu takriban mililita 600 na mafuta vijiko vinne vya chakula, ukande mpaka unga uwe laini kama ndewe ya sikio, kisha uufunike na kuupumzisha nusu saa kabla ya kusukuma. Unga wenye maji ya kutosha hunata kidogo mikononi, na wengi huogopa wakaongeza mkavu; hapo ndipo chapati ya kesho inapoharibika. Paka mafuta, kunja, viringisha, sukuma, na uipike upesi kwenye kikaango kilichopata moto sawasawa, kwa maana chapati inayokaa muda mrefu motoni hukauka kabla haijaiva. Kila inayotoka ipange juu ya mwenzake ndani ya kitambaa safi, funga kitambaa, weka ndani ya chombo chenye mfuniko wa kubana. Kilo moja hutoa chapati 16 za ukubwa wa kawaida, basi kwa wageni ishirini kanda kilo tatu, maana hakuna mtu anayekula moja siku hiyo.

Baba anataka ugali, watoto wanataka wali, nami nafika nyumbani saa moja na nusu usiku

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunafanya kazi mjini na foleni haituachi. Nikifika nimechoka, lakini lazima nipike. Mume wangu asipokula ugali anasema hajala. Watoto wanataka wali. Mara nyingi ninapika vyote viwili na mboga mbili, tunakula saa nne, watoto wamesinzia. Naomba mawazo ya chajio ambayo hayatanimaliza.*
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

Marahaba mama. Ninavyoona, shida haiko kwenye ugali na wali. Wali hujiivia wenyewe huku ukifanya mengine, na ugali wa watu wawili ni dakika kumi na tano. Kinachokumaliza ni mboga mbili. Chagua kitoweo kimoja kinachokubaliana na vyote viwili, na utakuwa umeokoa saa nzima.

Maharage ya nazi ndiyo ya kwanza kunijia akilini, kwa maana hayabagui. Yaroweke Ijumaa usiku, uyachemshe Jumamosi kilo nzima bila chumvi wala nazi, uyagawe kwenye vyombo vinne, viwili vikae kwenye friji kwa siku za karibuni na viwili vigandishwe. Jumatatu ukifika unakaanga kitunguu na karoti, unamimina maharage, unatia tui na chumvi, na kabla wali haujakauka mboga ipo tayari. Alhamisi maharage yaleyale yaunge kwa nyanya na pilipili hoho bila nazi, watoto wataona ni mboga nyingine. Choroko na kunde nazo hupikika hivyohivyo, na choroko haina hata haja ya kulowekwa usiku kucha.

Samaki usiwaweke kwa ajili ya Jumapili pekee. Vibua ukiwanunua Feri mwishoni mwa wiki, ukawasafisha, ukawapaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu kilichotwangwa, ukawakaanga wote siku hiyohiyo, utawaweka kwenye friji na kuwatia kwenye mchuzi katikati ya wiki. Nyanya, kitunguu na bizari ya manjano kidogo vikishaiva, mimina tui jepesi, watumbukize samaki waliokwisha kukaangwa, na mwishoni tui zito. Kuanzia hapo usifunike sufuria wala usiache kukoroga kwa upole, la sivyo tui litakatika na mchuzi utakuwa na mafuta juu na maji chini. Ndimu kamulia baada ya kuepua. Mume wako atachovya ugali, watoto watamwagia wali, na hakuna atakayekuuliza mboga nyingine iko wapi.

Dagaa ni msaada mkubwa ambao watu wa mjini wanausahau. Wale wa Kigoma, wadogo na weupe, wanahitaji kuchambuliwa, kuoshwa kwa maji ya moto, kukaangwa wakawa wakavu, na kuungwa kwa nyanya na ndimu: dakika ishirini jumla. Wa Mwanza wana harufu kali zaidi, basi waoshe mara mbili na uwatie tangawizi. Pembeni weka mchicha uliopitishwa motoni kidogo tu, ukiwa bado wa kijani.

Siku moja katika wiki msile ugali wala wali. Sisemi hivi ili kumkomoa baba, bali kwa sababu ulimi unaoonja vitu viwili tu huchoka bila kujua umechoka. Futari ya Ramadhani ilitufundisha pwani kwamba muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu na ndizi mbichi ni mlo kamili. Kwa nini tuvingoje mwezi mmoja? Muhogo uliomenywa Jumapili na kugandishwa huiva kwa nusu saa ndani ya tui na chumvi na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, na kipande cha samaki kando yake kinatosha. Makande pia, kama unayo sufuria ya presha. Bila hiyo yaache kwa Jumamosi.

Ongea na mume wako juu ya siku hiyo moja kabla hujaipika. Asipokubali wiki ya kwanza, mpikie ugali wake mdogo, kisha ule wewe na watoto muhogo mbele yake bila kusema neno. Na kama anafika nyumbani kabla yako, mchele anaweza kuuchambua na maji anaweza kuyabandika. Hilo mwambie kwa maneno yangu kama ni vigumu kwa yako.

Nyongeza moja muhimu: mnaopenda kiporo cha wali kwa chai ya asubuhi, usiuache sufuriani mezani usiku kucha katika joto la Dar. Kuna vijidudu vya wali vinavyostahimili kupikwa, na sumu vinayoitoa wali ukikaa kwenye joto haiondoki hata ukiupasha. Baada ya kula, utandaze upoe upesi, na ndani ya saa mbili uwe kwenye friji.

Sombe kwa mawese, kisamvu kwa nazi

*Hapa Bukavu Mwaka Mpya ni sombe kwa mawese na samaki. Jirani zetu waliotoka Tanzania wanapika majani hayohayo kwa nazi na karanga, na watoto wangu sasa wanataka ya jirani. Je, nibadilishe?*
Msomaji, Bukavu

Usibadilishe ya Mwaka Mpya. Majani ya muhogo ni yaleyale, lakini mawese yana uzito na rangi yake, na nazi ina utamu wake, na kila kimoja kimezaliwa na mti uliokuwa karibu: michikichi upande wenu, minazi upande wa Bahari ya Hindi. Watoto wapikie ya jirani siku nyingine, na mpelekee jirani bakuli la sombe siku ya sikukuu. Katika njia zote mbili, majani yatwangwe vizuri na yachemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi kabla ya kuungwa, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ambayo hupungua kwa kutwangwa na kuchemshwa. Mtu mwenye haraka asiyapike siku hiyo.

Tambi za marehemu

*Assalaam aleikum dada. Mimi ni mzee wa Wete, Pemba. Mke wangu alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Mabinti zangu wawili kila mmoja hupika tambi za Idi kwa njia yake: mmoja hutia maziwa ya kopo, mwingine hutia maji na zabibu nyingi. Zote tamu, lakini si zile. Marehemu hakuandika kitu. Nakumbuka tu kwamba zilikuwa kavu, hazikushikana, na chini ya sufuria palikuwa na ukoko mwembamba tuliokuwa tukiugombania. Inawezekana kuzipata tena?*
Msomaji, Wete

Waaleikum salaam kaka yangu, na pole sana. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Umekumbuka zaidi ya unavyodhani. Ukavu, kuachana na ukoko ni mambo matatu yanayonionyesha mkono wa mpishi. Tambi zisizoshikana ni tambi zilizokaangwa kwanza, tena kwa subira, zikigeuzwageuzwa kwa samli au mafuta mpaka zikawa rangi ya dhahabu zote, si nusu. Ukavu unaonyesha kwamba alipima maji kwa jicho kali. Ukoko mwembamba, mtamu kiasi cha kugombaniwa, nadhani ulitokana na tui la nazi, kwa sababu maji matupu na sukari huacha ukoko mgumu unaoshika meno, na maziwa ya kopo huungua kabla hayajafanya ukoko. Na kama alikuwa akipika kwa mkaa, basi alipalia: alipunguza moto chini akaweka makaa juu ya mfuniko.

Waite mabinti wote wawili siku moja kabla Ramadhani haijaingia, ili mjaribu bila haraka ya sikukuu. Vunjeni tambi pakiti moja ya gramu 400, zikaangwe kama nilivyosema. Mimina tui la wastani lililochemka, lenye sukari kikombe kimoja kisichojaa, iliki sita zilizotwangwa na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Tui lifike usawa wa tambi tu, lisizifunike. Koroga mara moja, acha likaukie kwa moto wa wastani, zabibu kidogo zitupiwe juu, kisha funika na upalie robo saa. Tumieni sufuria yake mwenyewe kama bado ipo, kwa maana sufuria nzito ya zamani hushika ukoko ambao nyembamba za siku hizi huuunguza.

Wewe ndiye uonje, kwa kuwa wewe ndiye unayejua zilivyokuwa. Zikiwa na unyevu, punguzeni tui robo kikombe mara ya pili. Zikikosa utamu aliokuwa akiutia, jaribuni kijiti cha mdalasini ndani ya tui, au arki kidogo, kwani wapo waliotia hivyo Pemba. Huenda ikachukua mara tatu au nne. Ukishaiona rangi yenyewe, binti mkubwa na aandike vipimo hapohapo mikono ikiwa na samli, na ukoko uungoeni sufuria ikiwa bado ya moto, maana ikipoa hautoki mzima.